Fyuzi isiyokatika na mtungi unaotembea kwenye buti

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana Desemba inakaribia, watu wanaanza kupanga safari za kwenda kuhesabiwa kwao, yaani kula sikukuu na ndugu, wengine Moshi, wengine Bukoba, wengine Mbeya, magari yatajazwa mpaka kioo cha nyuma hakionekani, na mimi kama fundi umeme wa magari najua kabisa Januari nitaletewa nini pale gereji.

Ajali ikitokea magazeti yenu mnaandika mwendo kasi, mnaandika kuovateki sehemu mbaya, sawa, ni kweli. Lakini ni nadra sana kukuta mwandishi ameuliza kwenye buti kulikuwa na nini na kilifungwa na nini. Na gari ikiungua barabarani mnaandika "hitilafu ya umeme" basi habari imeisha. Hitilafu gani? Waya gani? Sisemi kila gari inayoungua kosa ni la mwenye gari, kuna petroli inavuja, kuna waya umechubuka wenyewe kwa uzee, ila zile ninazoletewa mimi zikiwa zimeanza kunuka, nyingi kuna mtu alichomeka kitu ambacho hakikutakiwa pale.

Nianze na umeme maana ndo kazi yangu. Kile kitundu cha kuwashia sigara, ambacho siku hizi hamna anayewashia sigara, kilitengenezwa kipashe moto kile kidude kwa sekunde chache kiruke chenyewe, basi. Leo tunakitaka kichaji simu mbili, kiendeshe kamera ya dashibodi, kifriji cha vinywaji na pampu ya upepo, tena vyote kwa mpigo kupitia kile kigawanyio cha matundu matatu kinachouzwa kwenye foleni. Hebu fungua kifuniko chake cha plastiki usome, kwenye Toyota nyingi imeandikwa 12V 120W. Hiyo ni ampea 10. Nenda kwenye boksi la fyuzi utafute palipoandikwa CIG, mara nyingi utakuta fyuzi ya ampea 15, ya bluu. Hesabu yake mtoto wa darasa la tano anaiweza, chukua wati gawanya kwa 12 unapata ampea. Chaja ya laptopu ya wati 65 inakula ampea 5 na ushee, haina neno. Kifriji cha wati 60 kinakula 5. Washa vyote viwili, tayari umefika mwisho wa kitundu na hata simu hujachomeka. Sasa mtu ananunua inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa plagi ya ukutani, ya wati 500 anaichomeka hapohapo aendeshe blenda ya juisi, 500 gawanya kwa 12 ni karibu ampea 42, na inveta yenyewe inakula chake juu, kwahiyo fyuzi inakatika. Lazima ikatike, ndo kazi yake.

Hapo ndo ananijia. "Fundi, hii fyuzi inanisumbua, niwekee fyuzi isiyokatika."

Mhariri, hii sentensi nimeisikia mpaka imenichosha. Fyuzi ipo kulinda waya. Ule waya unaoenda kwenye kitundu cha sigara ni mwembamba, umepita nyuma ya dashibodi umefungwa pamoja na wenzake kwenye shada moja, umepita karibu na kapeti na plastiki na sponji. Ukitoa fyuzi ya bluu ya 15 ukaweka ya kijani ya 30, au ukafanya kama wale wanaokunja karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara wakaipachika pale, ukweli ni kwamba gari bado ina fyuzi, ila sasa fyuzi ni waya wenyewe, na utakatikia huko nyuma ya dashibodi ambako huoni wala mtungi wa kuzimia moto haufiki. Na mafundi wenzangu wanaokubali kuweka hivyo ili mradi mteja aondoke amefurahi, nao nawasema hapa hapa, mnajua mnachofanya.

Kuna jambo jingine watu hawalijui, kwamba unaweza usivuke ampea hata kidogo na bado ukaunguza. Ile plagi ya sigara inashikwa na kijispringi mbele na vimasikio viwili pembeni, sio kama plagi ya ukutani inayobanwa. Gari ikipiga matuta inalegea, ikilegea inagusa nusunusu, na pakigusa nusunusu pana ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida. Ukinzani mdogo tu wa nusu ya nusu ya omu, ambayo ndo kipimo cha ukinzani, ukipitisha ampea 10, unatoa joto la wati 25, ambalo ni sawa na kile chuma cha kuchomelea risasi tunachotumia kwenye redio. Joto lote hilo limekaa kwenye kidude cha plastiki ukubwa wa kidole gumba. Kwahiyo ukishika plagi ukakuta ya moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, itoe, usisubiri harufu. Na zile chaja za bei ya kutupwa zinazopigiwa kelele barabarani, nyingine nimezifungua ndani hazina hata kifyuzi kwenye ncha, na waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea.

Anayehitaji umeme mwingi kweli, labda anauza juisi kwenye gari au ni mpiga picha, njia ipo na haina maajabu. Inveta inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri kwa waya wake mnene, na fyuzi yake inakaa karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, sio mita mbili mbele karibu na inveta, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Na injini iwe inawaka, nje sio ndani ya gereji iliyofungwa, moshi unaua. Ukizima injini ukaacha kifriji kinakula ampea 5 kwenye betri ndogo ya hizi gari zetu, masaa manne matano unaanza kuomba watu wakusukume.

Kidogo tu kuhusu hizi gari za Japani zenye tundu la plagi ya pini mbili bapa limeandikwa AC100V. Ule ni umeme wa volti 100 wa kwao, sio wa TANESCO. Kuna gari kama Estima haibridi zinatoa mpaka wati 1500 na kuna nyingine zinatoa wati 100 tu, tundu linafanana, kwahiyo soma maandishi. Chaja ya simu iliyoandikwa 100-240V haina shida. Birika na pasi za hapa acheni nyumbani.

Sasa nije kwenye mzigo, ambao sio fani yangu ila nauona kila siku kwasababu nikitaka kufikia waya za taa za nyuma lazima nifungue buti. Mwezi uliopita nimeletewa Noah, mwenyewe anasema inanuka plastiki akiwasha friji. Kitundu cha mbele kimeyeyuka upande mmoja, kwenye boksi kuna fyuzi ya kijani kama nilivyotegemea. Friji ilikuwa nyuma, waya umepitishwa chini ya kapeti chini ya miguu ya abiria, umekanyagwa mpaka ganda limepasuka, na pembeni ya friji, umelazwa chali, mtungi wa gesi wa kilo 15 mzima mzima. Jamaa alikuwa anaupeleka kwa mama yake Same. Nikamwambia bro shusha mtungi kwanza alafu ndo tuongee habari ya fyuzi.

Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ikifika 2034, jambo zuri sana, mimi mwenyewe mkaa nimeuacha. Lakini mitungi hiyo haina miguu, inaenda nyumbani kwenye buti za IST, kwenye Probox, kwenye michomoko, zile gari ndogo za kubeba abiria, imebanwa katikati ya watu, na hakuna aliyemfundisha mnunuzi kwamba mtungi unasafiri umesimama. Ukisimama, kule juu kwenye valvu kuna mvuke. Ukiulaza, gesi ya maji ndo inakuja kwenye valvu, na ikivuja inavuja nyingi zaidi kwa mbali. Na hii gesi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatokea dirishani, inashuka inakaa kwenye sakafu ya buti, na hewa ikishakuwa na asilimia mbili tu ya gesi hiyo inatosha kuwaka. Alafu gari nyingi za familia zina kitundu cha umeme hukohuko nyuma. Cheche moja ya plagi iliyolegea. Sina haja ya kumalizia.

Na usipovuja bado ni chuma. Mtungi wa kilo 15 ukijaa, pamoja na chuma chake unakaribia kilo 30. Gari ikiwa spidi 50, ile ya kwenye vibao vya kupita vijijini, ikagonga ikasimama ghafla, mtungi haujasimama, unaendelea kwenda mbele na spidi yake 50, na nguvu yake hapo ni ile ya kitu kilichoangushwa kutoka mita 10 juu, ghorofa ya tatu hivi. Ukiwa spidi 80 ni mita 25. Kilichopo kati yake na watoto waliokaa siti ya nyuma ni mgongo wa siti, ambao kwenye gari nyingi umeshikwa na vikomeo viwili vidogo, na mara nyingi kimoja hakijalia "ka!" kwasababu kuna mkanda au nguo imebanwa. Usukume mgongo huo kwa mkono kabla ya kupakia, ukicheza haujajifunga.

Cha kusikitisha kamba zinauzwa na sehemu za kufungia zipo. Noah, Wish, Succeed, Probox, pekua kapeti la buti pembeni kwenye kona, nyingi utakuta pete za chuma, mara nyingi nne, zimelala. Zimewekwa kiwandani kwa kazi hiyo. Watu wameziwekea kapeti juu, wengine wameweka spika ya besi juu yake. Mzigo mzito weka chini kabisa na uusogeze mbele uegemee mgongo wa siti, usiache nafasi ya mzigo kujivuta ukapata mbio, kisha pitisha mkanda wenye kikaza kwenye pete hizo. Mtungi mmoja mdogo unaweza hata kuusimamisha chini sakafuni nyuma ya siti ya mbele, ukabanwa pande zote, madirisha wazi kidogo, na uende nao moja kwa moja, usipitie baa ukauacha juani masaa mawili. Nyuma kusipokuwa na mtu, funga mikanda ya siti za nyuma hata kama ni tupu, inasaidia kuushika mgongo wa siti.

Ile mipira ya tyubu tunayofungia kila kitu nchi hii ni mizuri kwenye baiskeli na godoro. Kwenye keria yenye majokofu haifai, inavutika. Gari ikishuka mteremko au inapokata kona, mzigo unatangulia, mpira unavutika, mzigo unapata nafasi, unarudi, na kila tuta linaongeza. Na juu ya gari ndogo nyingi mwisho ni kilo 50 mpaka 75, keria ikiwa imehesabiwa humo humo, wakati mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Mtu anaweka mkungu wa ndizi, gunia la mahindi, begi mbili, na baiskeli ya mtoto, alafu anashangaa gari inayumba upepo ukipiga pale Mwanga.

Nimeshaona pia mtungi wa kuzimia moto, ule ule tunaonunua kwasababu ya trafiki, unabingirika chini ya siti ya dereva. Siku mtungi huo ukija mbele ukakaa nyuma ya pedeli ya breki utajua kwanini ulikuja na kile kishikio chake cha chuma na skrubu mbili ambacho ulikitupa na boksi.

Trafiki nao nawaheshimu, kazi yao ngumu. Wakinisimamisha wanataka leseni, bima, stika ya nenda kwa usalama, mtungi wa zimamoto, ile pembetatu. Vyote vipo, safari njema. Sikumbuki kama niliwahi kuombwa na trafiki nifungue buti ili aone mzigo umefungwaje, labda anapotafuta magendo. Mashine haihitajiki hapo, anashika mzigo anautikisa, ukitikisika unashuka kuufunga upya pembeni ya barabara huku wenzako wanapita wanakuangalia. Na wauza gesi, nyie mnampa mteja risiti na kiberiti cha ofa, mwambieni pia sentensi moja, usimamishe, ufunge, usichomeke kitu nyuma.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Waandishi wako wakienda kwenye gari iliyoungua wamuulize afande wa zimamoto moto ulianzia wapi, fyuzi ilikuwa ya ampea ngapi, kulikuwa na inveta. Wakienda kwenye ajali waulize abiria wa nyuma aliumizwa na nini, gari au mzigo. Na toleo lolote la mwezi huu mkiwa na nafasi ya picha, tafuteni Probox yoyote hapo nje ya ofisi yenu, mpige picha zile pete za kwenye buti, wasomaji waone zilipo.

Wenu,
Fundi umeme wa magari
Tabata, Dar es Salaam