Mgonjwa aambiwe kipandikizi kimetoka wapi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vipandikizi vya ngozi katika upasuaji wa majeraha ya moto. Baadhi yake ni tabaka la ndani la ngozi lililoondolewa seli, zikabaki nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ili nyama mpya ipate pa kushikia. Hutoka kwa maiti wa aliyejitolea, ng'ombe au nguruwe.

Hapo ndipo penye neno kwetu Unguja na Pemba, maana wengi wetu ni Waislamu na nguruwe kwetu ni haramu. Wapo wanaosema dharura inaruhusu, wapo wasiokubali katu. Lakini hakuna awezaye kuamua jambo asiloambiwa. Wizara ya Afya na Ofisi ya Mufti wakae pamoja watoe mwongozo, na fomu ya ridhaa itaje asili ya kipandikizi. Brazil wamejaribu hata ngozi ya samaki aitwaye perege, ingawa hiyo ni ya kufunikia jeraha tu.

Msomaji,
Chake Chake, Pemba