Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shirika la Ndege Likifungwa Ghafla

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia haraka. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, tawi la mafundi limepata katibu mpya, na hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi. Muda wangu uliobaki ni wa swali ambalo mkutano uliopita uliikabidhi kamati: shirika la ndege likifungwa usiku mmoja, kila kilichokuwa chake huenda wapi, na sisi tuliolitumikia tunabaki na nini?

Kamati imepitia habari za mashirika kadhaa yaliyokufa hivyo. Kwa kifupi, abiria, nafasi za viwanjani na ndege hupata mwenyewe mpya mapema. Mfanyakazi hufuata nyuma, pengine baada ya miaka.

Tuanze na washindani, maana huko ndiko watu hudhani kuna sherehe. Kufa kufaana, ni kweli, lakini si bila taabu. Comair ya Afrika Kusini iliposimamisha safari zake mwishoni mwa Mei 2022, takriban asilimia 40 ya viti vya safari za ndani vya nchi hiyo viliondoka sokoni kwa mkupuo. Nauli zikapanda, na mashirika yaliyobaki yakalazimika kusaka ndege na wafanyakazi wa ziada. Rubani hapatikani kwa wiki moja, na abiria aliyekwama humjia mshindani na tiketi isiyo na thamani tena.

Air Berlin ya Ujerumani ni mfano mzuri zaidi. Ilirusha ndege yake ya mwisho tarehe 27 Oktoba 2017. Pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mshindani wake Lufthansa ilipeleka Boeing 747, ndege ya kuvuka bahari, kwenye safari ya saa moja hivi kati ya Frankfurt na Berlin. Mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilikuta nauli za Lufthansa za ndani zilipanda kwa wastani wa asilimia 25 hadi 30. Hata hivyo haikufungua mashtaka, kwa sababu easyJet, shirika la nauli nafuu, iliingia kwenye soko hilo Januari 2018 na bei zikaanza kushuka. Mimi naona mamlaka ilikuwa na haki kisheria. Waliosafiri katika miezi ile ya katikati wana maoni yao.

Kuhusu njia, tusichanganye mambo mawili. Njia yenyewe si mali ya mtu. Mali ni nafasi, yaani ruhusa ya kutua na kuruka saa fulani kwenye kiwanja kilichojaa, ambayo kwa kawaida shirika huihifadhi likiitumia kwa angalau asilimia 80 ya msimu. Monarch ya Uingereza ilikufa Oktoba 2017, na mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba bado ilikuwa na haki ya nafasi zake ingawa haikuwa na ndege hata moja angani. Zile za Gatwick, kiwanja cha London, zikaenda kwa wamiliki wa British Airways. Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, easyJet ililipa pauni milioni 36 kwa nafasi zake za Gatwick na Bristol. Kiwanja kidogo kisicho na msongamano hakina cha kuuzwa namna hiyo, ndiyo maana mji wake unaweza kukaa muda mrefu bila safari.

Ndege nazo zina mambo yake. Takriban nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi, na mwenye ndege hulala jicho moja wazi. Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 ulikusudiwa kumwezesha kuichukua mapema mkodishwaji akishindwa kulipa. Lakini Go First ya India iliposimama Mei 2023, sheria ya ufilisi ya huko ilizuia ndege 54 zisiondolewe, na ni Aprili 2024 tu ndipo Mahakama Kuu ya Delhi ilipoamuru zifutwe kwenye rejesta ya ndege ya India ili wenyewe wazichukue. Mafundi wanajua maana ya ndege kukaa chini karibu mwaka mzima: unyevu, injini zisizowashwa, vipuri vinavyohamishwa. Na kumbukumbu za matengenezo zikipotea, ndege nzima hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Hapo fundi anayejua daftari lilipo ana nguvu kuliko anavyofikiri.

Sasa sisi. Jet Airways, nayo ya India, iliacha kuruka Aprili 2019. Serikali iligawa kwa muda nafasi zake za Delhi na Mumbai kwa washindani, na SpiceJet ikachukua baadhi ya ndege na wafanyakazi. Waliokuwa wakidai mishahara ya miezi ya kabla ya kufungwa walisubiri mno: Mahakama ya Juu iliamuru shirika lifilisiwe Novemba 2024.

Rubani anayepata kazi kwingine mara nyingi huanza chini ya orodha ya ukongwe kazini, hata kama alikuwa nahodha. Asiporusha, sifa yake huisha: sheria hutaka aruke na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ili abebe abiria. Mkopo wa mafunzo haufi na mwajiri. Mafundi pia wasijidanganye kwamba watapona kwa kuwa karakana ni kampuni tofauti. Ile ya Monarch ilinusurika 2017, ikaanguka Januari 2019.

Dalili tulizoziona kwingi ni mishahara kuchelewa na wadai kutaka malipo ya papo kwa papo. Mishahara ikichelewa mara ya pili, leteni habari kwa katibu wa tawi bila kungoja barua ya uongozi. Kila mmoja atunze nyumbani nakala ya saa zake za kuruka, vyeti na hati za mshahara, kwa sababu mfilisi akishaingia, mfumo wa ofisi unaweza kuzimwa siku hiyohiyo.

Kamati inaleta hoja mbili: sehemu ya ada itengwe kuwa mfuko wa kulipia mazoezi ya kuhuisha leseni za wanachama waliofungiwa kazi, na chama kiwe na wakili wa kuwasilisha madai yetu kwa mfilisi kwa pamoja. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.