Watoto wafundishwe majina ya viungo vyao

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wazazi, walimu na nyinyi waandishi tuache kuwaficha watoto majina ya viungo vyao.

Mtoto wa Kenya aliyenajisiwa huja na maneno matatu: "Alinifanyia tabia mbaya." Ndiyo tuliyompa. Lakini tabia mbaya ndiyo hiyo hiyo anayogombezewa akidokoa sukari au akimjibu mamake vibaya, kwa hiyo hata kabla hajasema keshajiona mkosaji. Anayemsikiliza naye huyachukulia juujuu. Shuleni nilikofundisha, msichana wa darasa la tatu alimwambia mwalimu wake kwamba mjomba humfanyia tabia mbaya. Akajibiwa, "Kamwambie mama," akarudishwa kwenye dawati lake.

Mahakama zetu zimejitahidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikiri kwamba mtoto huona haya kueleza mambo haya mbele ya watu, ikataja mafumbo ambayo majaji wameyakubali: "tabia mbaya", "dudu", hata mtoto aliyesema alidungwa mwiba. Nashukuru sana kwa hilo. Ila kesi haianzii kwa jaji. Huanzia kwa mama, ikaenda kituo cha polisi, ikafika kwa daktari anayejaza P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inataka ithibitishwe kwamba mtoto aliingiliwa. Njia nzima anaulizwa "wapi?" na "kwa nini?", na jina la kujibia hana. Wakili wa mshtakiwa atamkamata papo hapo.

Wapo watakaosema huku ni kumfundisha mtoto uchafu. Mbona madrasani, huku kwetu Pwani, wanafunzi wa fiqhi, yaani sheria za dini, husomeshwa hedhi, manii na janaba kwa majina yake, na ustadhi hapepesi jicho? Uume na uke ni maneno safi, yamo katika vitabu vya sayansi. Matusi ni mengine na kila mtu anayajua. Mtoto wa miaka 4 anayetaja pua na kisigino anaweza kuyataja na maneno haya mawili, na aambiwe mapema kwamba akishikwa hapo aseme, hata aliyemshika akiwa ni mjomba.

Nanyi gazetini, msiandike tena kwamba mtu mzima "alifanya mapenzi" na mtoto wa miaka 9. Andikeni alimnajisi. Ndilo kosa aliloshtakiwa nalo.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi