Mistari katika picha ya NES yako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha tatu ulizopiga mbele ya televisheni, nami nimezitazama kwa muda mrefu kwa sababu naamini jibu la swali lako, yaani kwa nini mstari wima unajitokeza katika vigae vya picha ya NES yako (ile konsoli ya michezo ya Nintendo), limo ndani yake. Unasema umekwisha kuagiza chipu nyingine ya picha. Nakusihi usiiguse kwanza ile ya zamani. Miaka iliyopita, nikiwa na konsoli yenye dalili kama hizo, niliharakisha kuyeyusha lehemu na kuitoa chipu ya kumbukumbu, nikaibandua pamoja na njia za shaba za bodi, kisha nikaipima na kuikuta nzima. Konsoli ile sikuweza kuiokoa, na jambo hilo huniuma hadi leo.

Unajua kwamba picha yote hujengwa kwa vigae, yaani vipande vidogo vya pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8. Kila kigae huchukua baiti 16, yaani 8 za tabaka la kwanza na 8 za tabaka la pili, na kila baiti husafiri katika njia nane za data, ziitwazo D0 hadi D7, kila njia ikibeba safu wima moja ya kigae: D7 hubeba pikseli ya kushoto kabisa na D0 ya kulia kabisa. Mstari wako unakaa kwenye pikseli ya tatu kutoka kushoto. Basi njia ya kuchunguzwa ni D5.

Swali linalobaki ni wapi. Maumbo ya vigae yamo katika kaseti ya mchezo, ilhali mpangilio wake, yaani kigae kipi kikae mahali gani, umo katika kumbukumbu ya kilobaiti 2 iliyo ndani ya konsoli, na chipu ya picha huvisoma vyote viwili kupitia njia zilezile. Kama D5 ingekuwa imekatika karibu na chipu hiyo, namba za vigae nazo zingeharibika, nawe ungeona matofali mahali pa mawingu na herufi zisizo zake. Katika picha zako maandishi yanasomeka na kila kitu kipo mahali pake. Kwa hiyo mpangilio unafika salama, na kinachopotea ni kile kinachotoka kwenye kaseti peke yake.

Kuna dalili nyingine iliyonifurahisha sana. Katika baadhi ya vigae mstari huo unang'aa, na katika vingine umetoboka kana kwamba pikseli zimefutwa. Njia hizo nane hubeba kwanza sehemu ya chini ya anwani (namba ya mahali data ilipo), ambayo hunaswa na chipu ya 74LS373, ndipo zibebe data. Njia isiyogusana na kaseti hubaki na chaji ya ile anwani iliyopita, na chipu ya picha huisoma kana kwamba ni mchoro. Kama D5 ya upande wa kaseti ingekuwa imeshikana na ardhi ya umeme (volti 0), mstari ungekuwa wa namna moja kila mahali. Naamini kabisa kwamba huo ni mguso uliolegea au uliochafuka, pengine mmoja kati ya ile miguu 72 ya soketi inayopokea kaseti.

Jaribu kaseti nyingine. Mstari ukitoweka, safisha miguu ya kaseti ya kwanza kwa spiriti ya isopropili. Ukibaki, shughulikia soketi, kisha zima umeme na upime kwa multimita kama mguu wa D5 wa soketi unawasiliana na mguu wake kwenye chipu ya picha. Hakikisha pia kwamba chipu zinapata volti 5, maana umeme dhaifu huweza kuleta dalili za kila aina.

Hitilafu za njia za anwani, zinazoitwa A0, A1 na kuendelea, zina sura tofauti. A0 ikikwama, mistari ya mlalo ndani ya kigae hujirudia miwili miwili. A3 ikikwama, matabaka mawili huwa kitu kimoja na rangi za kati hupotea. A12 ikikwama, mandhari huweza kuchorwa kwa vigae vya wahusika. Vipande vya wahusika kumetameta vinapozidi 8 katika mstari mmoja wa skrini si ubovu hata kidogo, ndivyo mashine ilivyoundwa.

Kabla hujafungua chochote, naomba unipigie picha mbili zaidi: mhusika akitazama kulia, kisha kushoto. Chipu ya picha humgeuza yenyewe baada ya kusoma data, hivyo mstari ulio kwenye pikseli ya tatu ya kigae chake unapaswa kuhamia ya sita. Ukihama, fungua soketi bila wasiwasi, na ile chipu uliyoagiza iache ndani ya kasha lake.

Wako katika urafiki.