Kabla hujamwita jirani mwizi wa waifai

Mhariri, naomba kanafasi kidogo hapo kwenye barua za wasomaji. Waifai ikizingua nyumbani utasikia mawili tu, ama kampuni wezi ama jirani kaipata paswedi. Mara nyingi si huyu wala yule.

Ruta nyingi, yaani kile kiboksi kinachorusha waifai, bado zinarusha kwenye masafa ya redio ya gigahezi 2.4, na hapo ndo wamejazana wote, Bluetooth, simu za mezani zisizo na waya, kamera za kuangalizia mtoto, hata maikrowevu inafanya kazi karibu na 2.45, kwa hiyo mtu anapasha chakula jikoni we huku sebuleni video imeganda, ikilia tu ting mambo yanarudi. Sasa hapo jirani kaingiaje? Kuna na hili watu hawalijui, ile hadidiski ya USB 3.0 uliyoichomeka nyuma ya ruta nayo inatoa kelele palepale kwenye 2.4, isogeze mbali kidogo uone.

Jirani anaweza kweli akawa chanzo ila bila kuiba kitu, ruta yake na yako ziko chaneli moja, yaani kijinjia kimoja ndani ya hiyo 2.4, basi zinasubiriana zamu. Chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11. Kuna mjuaji atakwambia weka 3 haina mtu, usimsikilize, ukikaa 3 unakula kelele za walioko 1 na za walioko 6 kwa pamoja! Kama ruta na simu yako zinashika gigahezi 5 hamia huko, maikrowevu haifiki, shida ya hiyo 5 ni kuta za zege, zinaikata haraka.

Na kabla ya kugombana na kampuni, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Kwa waya ikikimbia vizuri basi tatizo ni hewani humo ndani kwako, ikiwa nzito hata kwa waya, haya sasa wapigie.

Wezi wapo, sikatai. Ila wengi wanafunga pasipofungika. Mtu anaficha jina la waifai anajiona kamaliza, au anaruhusu vifaa kwa anwani ya MAC peke yake, ile namba ya utambulisho ya kila kifaa, wakati hiyo anwani inapita hewani wazi, mwenye programu ya bure anaiona na kuinakili, halafu simu za siku hizi kuanzia Android 10 na iOS 14 zinajitungia anwani za kubahatisha, mwisho unawafungia wanao mwenyewe nje.

Cha kuzima ni WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye ruta bila kuandika paswedi. Ile pini yake ya tarakimu 8 ilishaonekana tangu 2011 kwamba inakaguliwa nusu nusu, ya kwanza peke yake kisha ya pili, kwa hiyo anayebahatisha hahitaji zaidi ya mara 11,000 hivi na hiyo kazi anaifanya kompyuta, sio yeye. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3 na weka paswedi ndefu, badilisha na ile paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta maana ya kiwandani kila mtu anaijua, wageni wape mtandao wao wa pembeni.

Ukishabadilisha paswedi ya waifai jiandae tu, TV, printa, kamera, zote zitakatika na utaziingizia paswedi mpya moja moja, na TV ndo kwa rimoti, herufi kwa herufi.

Msomaji wenu.