Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Maandalizi ya Miaka 125 ya Vita vya Maji Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Viongozi wa kata na vijiji, viongozi wa dini, wazee wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wa wanafunzi. Risala za shule huwa na maombi ya madawati, maji na nyumba za walimu, na hayo uongozi wa shule umekwisha kuyafikisha panapohusika. Sisi tumeomba nafasi hii kwa jambo moja tu. Julai 2030 itatimia miaka 125 tangu Vita vya Maji Maji, vya babu zetu dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilipoanza katika vilima hivi, na tunaomba Serikali ianze maandalizi yake sasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka 100 ilipoadhimishwa, kati ya 2005 na 2007, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Itakapofika 2030 tutakuwa watu wazima, wengine tukiwa na watoto wetu. Kwa hiyo maadhimisho haya ndiyo ya kwanza makubwa ambayo kizazi chetu kitayaona, na yatakuwa pia ya mwisho kwa wazee walio mbele yetu leo. Wao waliisikia habari ya vita kutoka kwa babu na bibi waliokuwa watoto wakati wa njaa iliyofuata. Hakuna atakayewapokea kazi hiyo kwa kusikia tena moja kwa moja.

Tunasema sasa kwa sababu vita hivi ni vigumu kuvikumbuka kwa siku moja. Mwishoni mwa Julai 1905, kijijini Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya kwanza ya pamba katika shamba la serikali ya Wajerumani, na kung'oa huko kukawa ndiko kutangaza vita. Pamba ile ililimwa kwa kulazimishwa, chini ya maakida na majumbe waliowatumikia Wajerumani, kwa malipo madogo kiasi kwamba wako waliokataa hata kuyapokea. Kabla ya hapo, watu walikuwa wakimiminika Ngarambe kwa mganga Kinjeketile Ngwale kuchukua dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, na wajumbe wake wakaisambaza mbali. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Wajerumani walidhani wamekata mzizi. Katikati ya mwezi huo boma la Liwale, ngome ya Wajerumani, lilikuwa limeangushwa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge wakiwa wamejipanga, wakakutana na bunduki za rashasha. Septemba Wangoni wakaingia vitani. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa Songea kwa siku moja, na siku chache baadaye akanyongwa Songea Mbano, nduna, yaani jemadari, wa Wangoni. Mapigano yaliendelea hapa na pale hadi 1907.

Ukiifuata orodha hiyo kwenye ramani, Mheshimiwa, utapita mikoa ya Lindi, Pwani, Morogoro na Ruvuma. Ndiyo maana tunapendekeza maadhimisho yasifanyike mahali pamoja kwa sherehe moja. Yaanze Nandete Julai 2030, yaende Mohoro mwezi unaofuata, yafike Liwale na Mahenge, yaingie Songea Februari 2031, na yahitimishwe 2032. Kila mahali papokee kumbukumbu kwa tarehe yake. Songea ina Makumbusho ya Maji Maji na ina siku yake ya kila mwaka, nasi tunawapongeza watu wa Ruvuma kwa kuilinda siku hiyo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, akakutana na wajukuu wa mashujaa na kuomba msamaha. Tulifurahi. Lakini tulijiuliza pia: siku mgeni wa aina hiyo akitaka kuona vita vilipoanzia, tutampeleka wapi, na atakuta nani wa kumweleza?

Katika klabu tulijifunza pia jinsi nchi nyingine zilivyojiandaa kwa jambo kama hili, na mfano uliotufaa zaidi ni Ireland. Wao walikuwa na uasi mjini Dublin Aprili 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Ulidumu siku sita, ukazimwa, na viongozi wake wakapigwa risasi. Miaka 100 ilipokaribia, serikali yao iliunda mapema jopo la wanahistoria wa kuishauri. Mafaili ya maombi ya pensheni ya waliopigana yalianza kuwekwa kwenye intaneti mwaka 2014, ili mjukuu aweze kusoma babu yake alisema nini. Wanajeshi walipeleka bendera ya taifa na nakala ya tangazo la uhuru la 1916 katika kila shule ya msingi. Hilo la shule lilituvutia sana, maana sherehe ilimfuata mtoto darasani kwake.

Hata hivyo walipata pia matatizo, na hayo nayo yanatufunza. Video ya kwanza ya kutangaza maadhimisho yao ililaumiwa vikali kwa sababu iliwaonyesha watu mashuhuri wa siku hizi na kuwaacha viongozi waliouawa. Baadaye, katika makaburi ya Glasnevin, ulijengwa ukuta wenye majina ya wote waliokufa katika uasi ule, waasi, raia na hata askari wa Uingereza, ukazua mgogoro mkubwa na kumwagiwa rangi. Swali lao litakuja kwetu pia. Askari wengi waliotumwa kuchoma vijiji vyetu walikuwa Waafrika, na wengine walichukuliwa humu humu nchini. Wamisionari waliouawa njiani kuelekea Liwale, akiwamo Askofu Cassian Spiss, nao wana watu wanaowakumbuka. Maoni yetu ni kwamba majina ya mashujaa na ya wananchi waliokufa kwa njaa yawe na mahali pao peke yao, pa heshima, na habari za hao wengine zielezwe kwa ukweli katika makumbusho na vitabu. Lakini wazee wa kila eneo waulizwe kabla ya fundi kuitwa, wala wasiitwe siku ya uzinduzi kupiga makofi tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa sababu ndilo jambo linalotuuma zaidi. Njaa. Wakoloni walipoona vita haviishi, walichoma nyumba na maghala ya chakula, wakaharibu mazao na kuzuia watu kulima. Waliokufa kwa risasi na kamba walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa na maradhi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao ni akina mama, watoto na wazee ambao hawana mnara, hawana sanamu, na katika mtihani hawaulizwi. Tunaulizwa sababu za vita na sababu za kushindwa, tunajibu kwamba maji hayakuzuia risasi, tunapata alama. Nchi ya Wangindo ilibaki mapori kwa sababu watu walikwisha au walihama, na sehemu kubwa ya mapori hayo ikaja kuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo kipande chake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tunaomba watalii na Watanzania wanaoingia humo kutazama tembo waelezwe kwamba kulikuwa na vijiji.

Kuhusu utekelezaji, tunaona ugumu mmoja. Makumbusho yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, utamaduni una wizara yake, shule zetu ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na mazungumzo na Ujerumani ni ya Mambo ya Nje. Kila mmoja akimsubiri mwenzake, 2030 itafika tukiwa tunapaka rangi mnara. Tunaomba iundwe kamati moja ya kitaifa, yenye fungu lake katika bajeti kuanzia mwaka wa fedha ujao, na ndani yake wawemo wazee, walimu wa historia na vijana kutoka vijiji vyenyewe.

Kamati hiyo ianze na kumbukumbu zilizoandikwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini, Umatumbi ikiwamo, wakaandika maneno ya wazee waliokuwa bado wanakumbuka vita. Wazee hao wote wamekwisha kufariki. Maneno yao yachapwe upya kwa Kiswahili na yapelekwe katika shule za maeneo waliyotoka. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizopo hapa nchini na zilizopo Ujerumani zitafsiriwe, hasa zinazotaja vijiji kwa majina. Na suala la mabaki ya mashujaa yaliyochukuliwa kupelekwa Ujerumani, likiwamo fuvu la Songea Mbano linalotafutwa, lipewe muda wake maalumu katika mazungumzo ya nchi hizi mbili, ili 2031 ndugu zake wawe wamepata jibu, liwe la kupatikana au la.

Kwa upande wetu hatukukaa kusubiri. Wanachama wa klabu wamekuwa wakiwatembelea wazee wa vijiji vya jirani mwishoni mwa wiki, wakiandika masimulizi ya familia, majina ya mito na mapango watu walimojificha, na vyakula vya porini walivyokula katika miaka ya njaa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limetupa nguvu, kwa kuwa tunalisoma kwa Kiswahili na mzee anaweza kuja darasani akafundisha. Tunachokosa ni kinasa sauti kizuri, kompyuta ya kuhifadhia, na mtu wa Makumbusho ya Taifa wa kutuelekeza namna ya kutunza kazi hii isiharibike. Tukipata hivyo vitatu, tutakuwa tayari kufundisha shule nyingine za Kilwa na Rufiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la leo ni dogo: uifikishe risala hii katika kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na kutoka huko ipande mkoani hadi wizarani. Pamoja nayo tunakukabidhi nakala ya daftari letu la kwanza la masimulizi, kwa idhini ya wazee waliotusimulia, ambao wameketi safu ya mbele kulia kwako na wako tayari kuzungumza nawe baada ya ratiba.

Tunaomba kuwasilisha.