Mabinti zetu na picha za kwenye simu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili maana linaniumiza. Mabinti wa kidato cha pili cha tatu siku hizi hawali mchana, ukiuliza unaambiwa niko daieti, mtoto wa miaka 15! Wengine wanajipaka mkorogo uso mpaka shingo, vidole vinabaki vyeusi, yote sababu ya picha wanazoona Instagram na TikTok ambazo nazo zimepitishwa filta mpaka pua imebadilika.

Na sio kwetu tu. Kule Fiji, eneo la Nadroga, TV iliingia 1995, na kule mwili wa kujaa ndo ulikuwa sifa kama huku tunavyomwambia mtu umenawiri. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo hakukuta hata mmoja anayejitapisha ili apungue, alipohoji wengine 1998 wakafika asilimia 11. Miaka mitatu tu, tena TV, sio simu ya mfukoni.

Kumnyang'anya simu peke yake haisaidii, atashika ya rafiki yake. Anachohitaji ni mtu wa kuongea nae, shangazi, mwalimu wa malezi, dada mkubwa, na sisi wazazi tuache kuwaita watoto "bonge" au "cheusi" mbele ya wageni eti utani. Akikosa mtu kabisa kuna namba 116 ya watoto, kupiga ni bure. Mhariri iwekeni hiyo namba kwenye ukurasa wa vijana kila toleo tafadhali.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam